Mche wa Kando ya Mtungi

Nazi za mbegu zilifika kijiji cha Mapambano zikiwa zimefuliwa. Lori liliziporomosha mbele ya ofisi ya kijiji, gunia juu ya gunia, na zilipobingirika vumbini kila mtu akaona vipara vitupu. Sasa, yeyote aliyewahi kuishi karibu na mnazi anajua kwamba nazi ya kupanda huenda ardhini na makumbi yake yote, maana humo ndimo inamonywea maji na kulala mpaka ichipue. Ukishaifua, hiyo ni ya kukuna. Watu wa Mapambano walijua. Dereva wa lori alijua. Mwenyekiti Melkizedek, aliyekulia bonde lilelile walikotoka wote huko milima ya nyuma ya Zombo, alijua kuliko wengi. Lakini alikuwa ameshapanda juu ya kiti kuhutubia, na mtu akishapanda juu ya kiti kushuka ni aibu.

"Ndugu zangu! Kilimo ni cha kufa na kupona! Tumeletewa mbegu, tutapanda, na Mapambano itakuwa na shamba la minazi la mfano katika Kilosa nzima!"

Watu wakapiga makofi. Siwema naye akapiga, tumbo lake likiwa kubwa kiasi kwamba mikono ilikutana kwa shida. Mumewe Filipo hakupiga. Alikuwa ameinama, kashika nazi moja, anaigeuzageuza.

"Ndugu Mwenyekiti," akauliza, "samahani. Makumbi yamebaki wapi?"

Makofi yakakatika. Mwaka ule swali lilikuwa kitu cha hatari kuliko fisi. Ukiuliza sana unaitwa kupe, ukiendelea unaitwa mnyonyaji, hata kama huna wa kumnyonya isipokuwa ugoro wako. Melkizedek akamtazama, akatabasamu.

"Ndugu Filipo anaonekana ana ujuzi mkubwa wa minazi. Basi ndiye msimamizi wa shamba. Makofi kwa Ndugu Filipo!"

Wakapiga makofi kwa furaha ya kweli, kwa kuwa balaa limepata mwenyewe.

"Mdomo wako huo," Siwema alimwambia njiani, "siku moja utakuponza."

"Si umeshaniponza?"

"Huu ni mwanzo tu. Tembea."

*

Nazi zikapandwa. Filipo alipima mistari kwa kamba, kila shimo likapata nazi yake na kijiti chake, na kwa siku chache shamba lilipendeza sana.

Tatizo lilikuwa unga wa yanga. Mvua zilikuwa zimegoma, mahindi yamekauka yakiwa na urefu wa goti, na kilichokuwa kinagawiwa ofisini ni ule unga wa njano wa msaada, uliopewa jina la timu kwa rangi yake. Ugali wake ulikwama kooni hata kwa mashabiki. Ukiula kwa mlenda mtupu unajiuliza ulimkosea nani. Lakini ukiula kwa mchicha wa nazi, loo, unasahau hata njaa yenyewe. Na pale, nyuma ya nyumba, nazi zimefukiwa, zinasubiri kuoza.

Mapambano nzima ilikuwa na mbuzi moja tu ya kukunia nazi. Mbuzi hiyo ilikuwa ya Siwema. Siku serikali ilipowahamisha kutoka bondeni kuja kijiji hiki kipya, wengine waliwahi milango, wengine kuku. Yeye alipanda lori na mbuzi yake ya nazi, na kitu kingine ambacho tutakifikia. Kwa hiyo wa kwanza alipobisha hodi, akiwa na sura ya mtu aliyefiwa, Siwema hakuuliza.

"Mwenzangu, niazime ile mbuzi."

"Ya nini?"

"Nina jambo dogo."

Jambo dogo likaenea. Mbuzi ikawa haishindi nyumbani. Asubuhi iko kwa huyu, mchana kwa yule, jioni inarudi na machicha katika meno. Hata Selestina, mke wa Mwenyekiti, alikuja mwenyewe, kajifunika kanga mpaka puani.

"Ni kwa ajili ya uganga wa mgongo," alisema.

"Pole na mgongo, dada," Siwema akamjibu, akamkabidhi. Ilirudi siku ya pili ikiwa imeoshwa vizuri mno kuliko ilivyowahi kuoshwa na mtu asiye na hatia.

Na Filipo, msimamizi? Alilinda shamba kwa uaminifu kabisa jioni moja. Ya pili alirudi nyumbani na kitu kimetuna ndani ya shati. Mama yake, Bi Raheli, ambaye alikuwa haoni vizuri ila kwa mambo ya chakula, akasema kutoka kitandani, "Wewe usiye na haya, usisahau kuacha tui zito liingie mwisho." Wakala. Hakuna aliyesema neno, isipokuwa kifuu kilipotupwa motoni kikalia.

*

Kile kitu kingine ambacho Siwema alipanda nacho lori kilikuwa nazi moja ikiwa na makumbi yake.

Mgambo alimwambia aiteremshe, ati nafasi ni ya vyombo. Siwema akaipakata, akamwambia kama anaitaka aanze kumteremsha yeye. Mgambo akatazama foleni, akatazama jua, akaachana naye. Nazi hiyo ilitoka kwenye mnazi wa Simoni. Kwao bondeni, mtoto akizaliwa na kitovu kikadondoka, kitovu huzikwa na mche wa mnazi hupandwa juu yake, na mti huo ni wa mtoto hata kama shamba ni la baba mkubwa. Simoni alikuwa mtoto wao wa kwanza. Surua ilimchukua kabla hajaota meno ya pili. Mnazi wake haukujua habari hizo. Ukaendelea kukua, na mwaka ule wa kuhamishwa ndio ulikuwa umezaa kwa mara ya kwanza. Mti wenyewe haupakiwi kwenye lori. Kwa hiyo Siwema alichuma alichoweza.

Huku Mapambano hakuna aliyemwita Mama Simoni. Wanawake wa kisimani, waliotoka upande mwingine wa bonde na wasiomjua, walipomuuliza "Wewe mama nani?" alisema tu, "Mimi Siwema," kwa sababu jibu la kweli lingeleta swali la pili.

Aliiweka nazi ile kando ya mtungi wa maji, pale matone yanapodondokea. Ikakaa. Miezi ikapita. Siwema akajifungua mtoto wa kike, Magreti, mwenye sauti ya tarumbeta, na wiki ileile nazi ikatoa ncha ya kijani, kisha jani, kisha la pili. Kitovu kilipodondoka Bi Raheli alikifunga katika kitambaa, akakitia ndani ya kopo la majani ya chai.

Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa ardhi. Mapambano ilikuwa imepangwa kwa mistari, na mstari wa nyumba zao ulikuwa umeshahamishwa mara mbili: mara ya kwanza kwa sababu ulipinda, mara ya pili kwa sababu ulinyooka lakini ukaishia kwenye kinamasi. Mwenyekiti alipiga marufuku kupanda mti wa kudumu kwenye kiwanja hadi mistari ikubalike. Aliyeotesha mchungwa aliambiwa aung'oe mbele ya watu.

"Mtoto ambaye kitovu chake hakina mahali," Bi Raheli alinung'unika kila siku, "atakuwa mtu wa kutangatanga. Mimi sitakufa na kopo mkononi, mkwe wangu."

"Subiri, mama."

"Nasubiri. Mauti ndiyo sijui kama yanasubiri."

*

Asubuhi moja Melkizedek akafika mbio, kofia mkononi. Alimwamkia Bi Raheli shikamoo, hata marahaba hakuisubiri.

"Filipo! Mgeni mkubwa anatoka wilayani Jumamosi. Anakuja kuona minazi."

"Minazi ipi?"

"Iliyochipua."

"Nani kasema imechipua?"

Melkizedek akakaa kwenye kigoda. "Niliulizwa kwenye mkutano. Kila mwenyekiti anataja mafanikio, huyu pamba, huyu alizeti. Zamu yangu ikafika. Ungekuwa wewe ungesema nini?"

Wakaenda shambani. Filipo alifukua shimo la kwanza, halina kitu. La pili, vilevile. Kila shimo lilikuwa limefukiwa vizuri, kijiti kimerudishwa mahali pake. Watu walikula kwa nidhamu. Waliporudi uani Melkizedek alikuwa anatoka jasho.

"Msimamizi ni wewe. Utajieleza mwenyewe huko Kilosa."

Filipo akamumunya midomo. Wa mwisho kupelekwa kujieleza alirudi akijieleza mpaka usingizini. Ndipo Filipo akasema neno ambalo Siwema hakuwahi kumsikia akilisema, na hakupenda kulisikia tena.

"Labda ni ng'ombe wa Saning'o."

Saning'o alikuwa mfugaji aliyekuwa na boma upande wa Mikumi, mtu wa maneno machache. Siwema alipojifungua, mkewe Naisenya alimletea kibuyu cha maziwa kila asubuhi bila kuombwa. Aliitwa, akaja na fimbo yake begani, akamwamkia Bi Raheli, akasikiliza mashtaka yote bila kupepesa. Kisha akaenda kutazama mashimo, akarudi.

"Mwenyekiti. Ng'ombe wangu alifukua?"

"Inaonekana."

"Akavunja nazi?"

"Eeh."

"Akala, akafukia udongo, akasimamisha kijiti?"

Melkizedek akatazama pembeni.

"Ng'ombe huyo mnirudishie," Saning'o akasema. "Ana akili. Nitamweka awe mwenyekiti wa boma."

Bi Raheli akacheka mpaka akakohoa. Lakini Siwema hakucheka. Alimwona Filipo ameinamisha kichwa mbele ya mtu ambaye maziwa yake yalikuwa bado tumboni mwa mtoto, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Saning'o hakula nazi," akasema. "Nazi nimekuna mimi. Mume wangu alizileta, mama mkwe akazisifu. Na mbuzi yangu imelala nyumba zote za Mapambano, Ndugu Mwenyekiti. Hata kwako imelala. Kamuulize dada Selestina mgongo unaendeleaje."

Saning'o akairudisha fimbo yake begani. "Mimi nimemaliza," akasema, akaondoka, na hakuna aliyemwomba radhi isipokuwa Siwema, aliyemsindikiza mpaka njiani.

Aliporudi alimkuta Melkizedek bado kakaa pale, lakini hatoki jasho tena. Alikuwa anatazama kando ya mtungi.

"Na huu?" akauliza taratibu. "Huu si mnazi?"

*

"Ni mche tu," Filipo alisema Mwenyekiti alipokwisha kwenda. "Mmoja unatosha. Mgeni ataoneshwa huo, ataambiwa mengine yako njiani, atakula kuku, ataondoka."

"Ni mche tu," Siwema akarudia.

"Tutapata nazi nyingine."

"Wapi? Kwa Simoni? Utaenda wewe kule mahameni, uingie kwenye majani yaliyokuzidi kimo, umwambie mwanao nipe nyingine, ile ya dada yako nimempa Melkizedek akaoneshee wageni?"

"Mama Simoni..." jina likamtoka, na wote wawili wakasimama. Hawakuwa wamelisikia tangu siku ya lori.

"Ukiingia shamba la kijiji, mti ni wa kijiji," Siwema akasema kwa sauti ya chini. "Magreti hatakuwa na kitu. Mmoja tumemwacha na mnazi wake peke yao porini. Huyu naye nimnyang'anye?"

Filipo akakaa chini, mgongo ukutani. "Mimi naogopa," akasema. "Basi. Nilimsingizia mtu wa watu kwa sababu naogopa. Wakinipeleka, nani atawalimia?"

Siwema alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Alimwangalia mwanamume huyu mwenye mdomo mkubwa aliyekiri kuwa anaogopa, hasira ikabaki lakini haikujua ikae wapi. Alijipakatia mtoto, akamnyonyesha, akafikiri mpaka titi likaisha. Halafu akageukia kitandani.

"Mama. Kopo liko wapi?"

Bi Raheli alilitoa chini ya mto mara moja. "Nilidhani hutauliza," akasema.

*

Siwema alitoa sharti moja: shimo atachimba mwenyewe, na litakuwa kwenye pembe ya shamba inayopakana na ua wake. Melkizedek, kwa kuheshimu mgongo wa mkewe, alikubali bila kikao. Ijumaa mchana, watu wote wakiwa wameitwa kufagia njia ya mgeni, wanawake wawili wakaenda pembeni na jembe na kopo la majani ya chai. Aliyewaona alidhani wamekwenda kunywa chai.

Jumamosi mgeni akafika, mtu mnene mwenye uso wa ukarimu, ndani ya suti ya mikono mifupi iliyoshonwa wakati alipokuwa mwembamba. Ngoma zikapigwa. Risala ikasomwa. Akaongozwa shambani, akakuta vijiti, vijiti, vijiti, na mwishoni kabisa shimo moja wazi na mche mmoja wenye majani mawili, umefungwa utepe.

"Na hizi nyingine?" akauliza.

"Zinajiandaa, mheshimiwa," akasema Melkizedek. "Huu ndio umejitokeza kwa niaba ya wenzake. Tunaomba uupande kwa mikono yako."

Mgeni akafurahi. Akaushika mche, akainama. Ndipo mkongojo ukamgusa begani.

"Mwanangu," alisema Bi Raheli, "mnazi haupandwi na mtu aliyesimama. Ukipandwa hivyo utarefuka mpaka mbinguni kabla ya kuzaa. Chuchumaa."

"Shikamoo bibi. Hivi?"

"Marahaba. Chini zaidi."

Mgeni akachuchumaa. Suruali ilivumilia kwa kadiri ya uwezo wake, kisha ikapasuka nyuma, mshono mzima, kwa mlio uliosikika mpaka kwa wapiga ngoma. Melkizedek akafumba macho. Hakuna aliyethubutu kucheka, watu walitafuna kanga na kofia. Mgeni, masikini, angesimama wangeona. Kwa hiyo akabaki palepale, akafukia udongo kwa bidii ambayo hakuna kiongozi aliyewahi kuionesha.

"Sasa taja jina," Bi Raheli akasema.

"Jina gani, bibi?"

"Mnazi hupandwa kwa jina. Huu unaitwa Magreti. Taja kwa sauti, usikie."

"Magreti!" akaita mgeni.

Wanawake walitazamana kwanza, maana wote walitoka bonde moja, na hakuna mama pale asiyejua jina hutajwa lini na juu ya kitu gani. Walimtazama Siwema. Siwema alikuwa amemnyanyua mtoto juu, machozi yanamtiririka, hajali. Halafu Selestina, mke wa Mwenyekiti mwenyewe, akapiga kigelegele, na vingine vikafuata mpaka watu wa boma la Saning'o wakatoka kutazama kuna nini. Kofia ya Melkizedek ikaanguka. Hakuiokota.

"Mti huu," mgeni alisema akiwa bado kachuchumaa, ameguswa sana na mapokezi, "nikija tena nataka niukute hapahapa. Mtu asiuguse!" Kisha akarudi kwenye gari kinyumenyume akipunga mkono mmoja, wa pili ukiwa nyuma, na watu wakasema huyu kiongozi ana heshima, hataki kutupa mgongo.

Vumbi lilipotulia Melkizedek akamwendea Bi Raheli.

"Bibi. Chini ya ule mti kuna nini?"

"Unachokijua."

"Mheshimiwa amezika kitovu?"

"Kwa mikono yake miwili. Nenda kamwambie."

*

Hakwenda. Mwezi uliofuata walikuja wapimaji na kamba zao kunyoosha mistari kwa mara ya tatu, na kamba ilipofika uani kwa Siwema ikaukanyaga mche. Nyumba zote za upande ule zingehama tena. Mpimaji akauliza mti huu wa nani.

Melkizedek akakitazama kibao kilichosimikwa kando ya mche baada ya sherehe, chenye jina la mgeni rasmi kwa rangi nyeupe, na juu yake vitambaa viwili vya Magreti vimeanikwa. Siwema alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Filipo, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ametoka kumchimbia Saning'o shimo la kunyweshea ng'ombe bila kuombwa, alifungua mdomo, akaufunga.

"Pindisha hapo," Mwenyekiti akasema.

"Nimeambiwa mstari unyooke."

"Na mimi nimeambiwa mtu asiuguse. Pindisha."

Mstari ukapinda. Mpaka leo ukisimama Mapambano utauona, nyumba zimenyooka kabisa kisha zinamzunguka mtu mmoja na kuendelea.

Jioni ile Siwema alimwogesha Magreti, akayabeba maji ya kuogea mpaka kwenye mche, akayamimina taratibu. Jani la tatu lilikuwa limeanza kuchomoza. Filipo akamfuata, akasimama nyuma yake kama mtu anayeogopa kubisha hodi.

"Mama Magreti," akaita. Siwema aliendelea kumimina. Akajaribu tena. "Mama Simoni."

"Niite yote mawili," Siwema akasema. "Naitika kwa yote mawili."

Akamkabidhi beseni, wakaingia ndani kula.